Iondoe Ingali Unga: Mwongozo wa Theluji na Barafu Nyumbani, Toronto

Umetoka Mombasa, Goma, Bujumbura, Kampala au Dar es Salaam, na sasa unaishi Scarborough, Rexdale, North York au Thorncliffe Park. Koti zito umeshanunua. Lakini huenda hakuna aliyekueleza namna ya kuitunza nyumba yenyewe wakati wa baridi: ngazi za mbele, njia ya gari, mabomba yaliyopita ukutani, tundu za hewa zilizo nje karibu na ardhi. Waliozaliwa hapa walijifunza haya utotoni, kwa hiyo hawakumbuki kuyafundisha. Mwongozo huu unayaeleza moja baada ya jingine.

Msingi wa yote ni huu: theluji huondolewa ikiwa bado unga. Ukiiacha ikanyagwe, iyeyuke kidogo mchana na kuganda usiku, inakuwa barafu, na barafu ndiyo inayovunja nyonga za wazee na mikono ya watu wanaokimbilia basi la zamu ya alfajiri. Dakika chache za beleshi leo zitakuepusha na kazi ngumu ya kupasua barafu kesho.

ELEWA KWANZA KINACHOTOKEA

Toronto hupata takriban sentimita 110 hadi 120 za theluji kwa mwaka, pungufu ya Montreal au Ottawa. Lakini jiji hili limekaa kando ya Ziwa Ontario, na hali yake ya hewa huvuka nyuzi sifuri kwenda juu na kushuka mara nyingi katika msimu mmoja. Mchana jua linatoka, maji yanadondoka kutoka paani na kutiririka kutoka kwenye malundo ya theluji, yanakatiza njia yako. Jioni yanaganda. Barafu ya namna hii ni nyembamba na haina rangi. Juu ya lami unadhani ni unyevu tu. Kwa hiyo siku ya hatari zaidi mara nyingi siyo siku theluji inapoanguka, bali ni ile inayofuata siku ya joto kidogo.

Kuna pia mvua inayoganda: inashuka ikiwa maji, inagusa ngazi, waya au tawi la mti, na kugeuka barafu papo hapo. Ndiyo iliyolipiga jiji tarehe 21 na 22 Desemba 2013. Wateja wapatao 300,000 wa Toronto Hydro walikosa umeme, na wengine walikaa gizani zaidi ya wiki, Krismasi ikiwakuta hivyo hivyo.

Jiji nalo lina uwezo wenye mpaka. Januari 1999 Meya Mel Lastman aliomba msaada wa jeshi kuondoa theluji. Tarehe 17 Januari 2022 zaidi ya sentimita 50 zilianguka katikati ya jiji, na Februari 2025 dhoruba zilizofuatana zilimwaga zaidi ya sentimita 50 kwa muda wa kama wiki moja, malundo yakakaa mitaani kwa muda mrefu. Jipange ukijua kwamba magari ya Jiji yanaweza kuchelewa kufika mtaani kwako.

KISANDUKU: NI KAZI YA NANI?

- Jiji husafisha barabara na njia nyingi za waenda kwa miguu. Kwenye barabara ndogo za makazi, magari ya kusukuma theluji huanza kazi ikifika sentimita 8. Pale ambapo mashine haziwezi kupita, mwenye nyumba anatakiwa kusafisha njia ya miguu iliyo mbele ya nyumba yake ndani ya saa 12 baada ya theluji kuacha kuanguka.
- Mwenye nyumba anawajibika kwa ngazi, baraza, vijia vya ndani ya kiwanja, njia ya gari na maegesho, ndani ya saa 24.
- Mpangaji halazimiki kusafisha maeneo ya pamoja ya nje kwa sababu tu mkataba wa upangaji umesema hivyo. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Ontario iliamua kwamba mwenye nyumba hawezi kujivua jukumu hilo kwa kifungu cha mkataba wa upangaji. Mkikubaliana uifanye kazi hiyo, yawe makubaliano ya pembeni, yameandikwa, na una unacholipwa au kupunguziwa kodi.
- Usisukumie theluji barabarani wala kwenye njia ya miguu. Ni kosa, na inamzuia mama mwenye kigari cha mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu.
- Una umri wa miaka 65 au zaidi, au una ulemavu? Piga 311, simu ya huduma za Jiji, uulize kuhusu msaada wa kusafishiwa njia ya miguu mbele ya nyumba yako.

MWEZI WA NOVEMBA: JIANDAE

Nunua vifaa kabla ya dhoruba ya kwanza. Siku ya dhoruba utakuta rafu tupu.

☐ Beleshi la kusukumia, pana na lenye kidomo kilichopinda, mpini ukifika usawa wa kifua chako. La pili dogo, la ngazi.

☐ Chombo chenye ncha ya chuma cha kupasulia barafu.

☐ Chumvi ya kuyeyushia barafu na mfuko wa mchanga mkavu, ndani ya ndoo yenye kifuniko, karibu na mlango. Chumvi ikilowa hugandamana kama jiwe.

☐ Bomba la nje la bustani: funga koki yake iliyo ndani ya nyumba, kisha fungua bomba la nje maji yaliyobaki yatoke. Toa mpira wa kumwagilia. Maji yakiganda hutanuka, na bomba likipasuka utajua siku yatakapoyeyuka na kufurika ndani.

☐ Koki kuu ya maji: itafute leo, mara nyingi iko besimenti upande wa mbele wa nyumba. Ifunge na kuifungua mara moja uhakikishe inazunguka. Mwonyeshe kila mtu mzima wa nyumba.

☐ Mifereji ya paani: ondoa majani. Angalia bomba la kushushia maji ya mvua linamwaga wapi. Likimwaga kwenye kijia chako, unatengeneza barafu kila siku ya jua. Ligeuze upande wa nyasi.

☐ King'ora cha kaboni monoksidi na cha moshi: bonyeza kitufe cha kujaribia na ubadilishe betri.

☐ Reli ya ngazi: itikise. Ikicheza, itengenezwe kabla ya kuihitaji.

☐ Tochi, betri, chaja ya akiba ya simu, maji ya kunywa, chakula kisichohitaji kupikwa, na dawa za siku kadhaa.

KUONDOA THELUJI, HATUA KWA HATUA

Theluji ina uzito kuliko inavyoonekana. Hata ile nyepesi, sentimita 20 zikilala kwenye njia ya gari yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 10, ni kama kilo 600, yaani mifuko kumi na miwili ya saruji. Ikiwa imelowa, uzito unaweza kuzidi mara mbili. Hii ndiyo sababu ya kuondoa kidogo kidogo.

1. Usisubiri dhoruba iishe. Ikiwa zinatarajiwa sentimita 30, toka kila zinapofika 8 au 10.
2. Pasha mwili joto ndani. Tembea, nyoosha mgongo na mikono kwa dakika tano. Usianze ukiwa umetoka kula sana, na usivute sigara kabla ya kazi.
3. Vaa tabaka kadhaa. Ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na kukupoza. Kofia, glovu, na buti zinazoshika chini.
4. Anza mlangoni. Safisha baraza, kisha ngazi ukishuka moja moja kwa beleshi dogo. Usipitie ngazi zenye theluji kwenda kuanza barabarani: kila unapokanyaga unaigandamiza theluji iwe barafu.
5. Fungua njia za dharura. Mlango wa nyuma, dirisha la kutokea la besimenti, na ngazi za nje za kushukia besimenti pamoja na tundu la kupitishia maji lililo chini yake. Likiziba, theluji ikiyeyuka itaingia chumbani.
6. Sukuma, usinyanyue. Ikibidi kunyanyua, piga magoti, jaza nusu ya beleshi, lishike karibu na mwili, na geuka kwa miguu. Usirushe juu ya bega wala kuzungusha kiuno.
7. Weka lundo mahali pake. Kwenye nyasi, upande ambao maji yakiyeyuka hayatarudi njiani. Lisizibe macho ya dereva anayetoka kinyumenyume.
8. Tuta la mwisho wa njia ya gari. Gari la Jiji likipita huacha ukuta wa theluji mdomoni mwa njia yako. Huo ni mzito na wenye mabonge. Uvunje kwa tabaka kuanzia juu, na usiuache ulale: asubuhi utakuwa umeshika kama zege.
9. Safisha bomba la zima moto lililo karibu na kwako, pande zote. Wazima moto hawana muda wa kulitafuta chini ya theluji.
10. Pumzika kila dakika 15, unywe maji.

ONYO: MOYO

Baridi hubana mishipa ya damu wakati huo huo kazi ya mikono inaupa moyo mzigo mkubwa. Utafiti wa Quebec uliochunguza miaka ya 1981 hadi 2014, uliochapishwa mwaka 2017, uliona wanaume wakilazwa na kufa zaidi kwa shambulio la moyo baada ya theluji nyingi. Kama una shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, au una umri mkubwa na mwili haujazoea kazi nzito, mwombe mwingine. Si aibu. Ukihisi kifua kubana, maumivu yakipanda taya au mkono, pumzi kukatika au jasho la baridi: acha hapo hapo, kaa, piga 911.

CHUMVI NA BARAFU

Watu wengi humwaga chumvi juu ya theluji nene na kusubiri miujiza. Chumvi haichukui nafasi ya beleshi. Kazi yake ni kushusha kiwango cha maji kuganda, ili utando mwembamba wa barafu uachane na zege na uweze kuukwangua. Ukiimwaga juu ya theluji nene, inatengeneza tope linaloganda tena usiku.

1. Kwangua theluji yote kwanza.
2. Tazama kipimajoto. Chumvi ya kawaida hufanya kazi vizuri hadi kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Chini ya hapo hupoteza nguvu; tumia ya kloridi ya kalsiamu, ambayo huhimili baridi kali zaidi, au mchanga. Mchanga hauyeyushi kitu, lakini unaipa buti mahali pa kushika.
3. Chukua kikombe kimoja kikubwa cha kahawa. Hicho kinatosha vipande kama kumi vya zege vya njia ya miguu. Punje zitawanyike, zisirundikane.
4. Kwenye ngazi, sogea karibu utazame ukingo wa mbele wa kila daraja. Hapo ndipo kisigino kinapotua unaposhuka, na hapo ndipo maji ya daraja la juu hudondokea na kuganda kwa matone, kama shanga zilizopangwa mstari. Nyunyiza ukingoni, siyo katikati tu.
5. Subiri dakika 15 hadi 20, utasikia barafu ikipasuka taratibu. Ingiza beleshi chini yake na uiondoe.
6. Fagia punje zilizobaki zikikauka, uzirudishe kwenye ndoo.

Ukitabiriwa usiku wa mvua inayoganda, nyunyiza chumvi kidogo kabla haijaanza. Barafu haitashika sana.

Kwa nini uibane chumvi hivyo? Kwa sababu haipotei. Inatiririka hadi mto Don na mto Humber na kuingia Ziwa Ontario, ambako ndiko maji yetu ya kunywa yanakotoka. Inadhuru samaki, inakausha miti ya uani, inakula zege na chuma, na inachoma nyayo za mbwa na paka.

VIATU NA MWENDO

Usiamini neno la dukani kwamba buti ni za baridi. Taasisi ya Toronto Rehabilitation ina maabara chini ya ardhi, barabara ya University, yenye sakafu ya barafu inayoinamishwa ili kupima buti zinateleza kwenye mwinuko gani. Matokeo ya kwanza yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kati ya buti 98 zilizopimwa, asilimia 8 tu ndizo zilizofikia kiwango chao cha chini, yaani kuhimili mwinuko wa nyuzi 7. Matokeo yako wazi kwenye tovuti yao ya Rate My Treads. Tazama kabla ya kununua. Kwa siku mbaya, nunua vishikizo vya mpira vyenye meno ya chuma vinavyovalishwa juu ya kiatu, na uvivue kabla ya kukanyaga sakafu ya vigae.

Ukitembea juu ya barafu:

- Piga hatua fupi, kanyaga kwa unyayo mzima, uzito ukae juu ya mguu wa mbele.
- Toa mikono mifukoni. Beba begi la mgongoni badala ya mifuko ya sokoni mikono yote miwili.
- Shika reli kabla ya kushusha mguu, siyo baada ya kuteleza.
- Chukulia kila sehemu inayong'aa kuwa ni barafu.

Baridi yenye upepo ni jambo jingine. Kipimo cha upepo kikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kikifika 40 chini ya sifuri, dakika 5 hadi 10. Kidole, sikio au pua ikiwa nyeupe na haina hisia, ingia ndani, ipashe kwa maji ya vuguvugu, usisugue, na usiiweke karibu na moto: haihisi, itaungua bila wewe kujua. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kusema kwa kukokota au kuacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, piga 911.

NYUMBA YENYEWE: TUNDU, MABOMBA, PAA

Tundu za mashine ya kupasha joto. Nyumba nyingi zina mabomba meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani karibu na ardhi. Moja huingiza hewa, jingine hutoa moshi wa gesi. Theluji ikiyaziba, mashine inazima, au sumu inarudi ndani. Baada ya kila dhoruba zunguka nyumba uyafukue kwa mkono au kwa ufagio. Fanya vivyo hivyo kwa tundu la mashine ya kukaushia nguo. Mita ya gesi isafishe kwa ufagio mwepesi. Usiipige kwa beleshi wala kuvunja barafu iliyo juu yake.

Bomba likiganda (maji yanatoka kwa tone au hayatoki kabisa):

1. Acha koki ya sinki wazi.
2. Tafuta lilipoganda: chini ya sinki lililo ukuta wa nje, au kona ya besimenti.
3. Lipashe kwa mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa koki na kurudi nyuma. Usisimame kwenye maji.
4. Usitumie mshumaa, jiko wala moto wowote wa wazi.
5. Likipasuka, funga koki kuu mara moja, kisha mpigie mwenye nyumba au fundi bomba.
6. Nyumba nzima ikikosa maji, piga 311. Tatizo linaweza kuwa bomba la Jiji.

Usiku wa baridi kali, fungua milango ya makabati yaliyo chini ya sinki ili joto liingie, na usizime mashine ya kupasha joto hata ukisafiri.

Paa. Vijiti vya barafu vinavyoning'inia ni dalili kwamba joto linapotea kupitia darini. Usisimame chini yake, na usipande paani. Tumia reki ndefu ukiwa umesimama chini, pembeni. Suluhisho la kudumu ni kuongeza kizuia joto darini na kuziba mianya.

UMEME UKIKATIKA: HAKUNA MKAA NDANI

Kwetu jiko la mkaa ni rafiki wa kila siku, na huwekwa barazani au jikoni penye upenyo. Nyumba za Kanada zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke, na sumu nayo haitoki. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Inakulaza na huamki. Wakati wa dhoruba ya 2013 wazima moto wa Toronto walipokea simu nyingi za sumu hii kutoka kwa watu waliowasha mkaa au jenereta ndani.

Kamwe usiwashe ndani, hata dirisha likiwa wazi: jiko la mkaa, jiko la kuchomea nyama, jiko la gesi la kambini, jenereta. Usitumie oveni ya gesi kupasha chumba. Usiache gari likiunguruma gereji, hata mlango ukiwa wazi. Na kabla ya kuwasha gari lililofunikwa na theluji, fukua kwanza bomba la moshi.

Dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, watu kadhaa kwa pamoja, na nafuu mkitoka nje. King'ora kikilia, au mkihisi hivyo: wote mtoke, mpige 911 mkiwa nje, msirudi hadi mruhusiwe.

Badala ya moto, fanya hivi:

1. Kusanyeni familia chumba kimoja, funga milango, ziba chini kwa taulo, teremsha mapazia.
2. Vaeni tabaka, mkae pamoja chini ya mablanketi. Tochi, siyo mishumaa.
3. Chomoa vyombo vya umeme, acha taa moja tu ikujulishe umeme ukirudi.
4. Ripoti kwa Toronto Hydro: 416-542-8000.
5. Waya ukiwa umeanguka, kaa angalau mita 10 mbali nao na upige 911.
6. Nyumba ikipoa mno na kuna mtoto mchanga, mzee au mgonjwa, ondokeni mapema. Piga 311 uulize kituo cha kupatia joto kilicho karibu.
7. Gonga mlango wa jirani anayeishi peke yake.

KAMA UNAISHI GHOROFANI

- Mwenye nyumba anayedhibiti joto lazima aliweke nyuzi 21 au zaidi katika msimu wa baridi. Ikishuka, weka kipimajoto mezani, andika saa na kiwango, piga picha, mwandikie msimamizi, kisha piga 311.
- Usiache dirisha wazi usiku. Mabomba ya kupasha joto yaliyo chini yake yanaweza kuganda, na ukafurisha nyumba za chini.
- Theluji ya roshani usiimwage chini kwa watu. Isukume pembeni, mlango ufunguke.
- Mlango mkuu ukiwa na barafu, wapangaji kadhaa waandike kwa pamoja. Barua ya wengi hujibiwa haraka.

WATOTO

Waache wacheze, theluji ni furaha yao. Lakini wakataze mambo mawili: kuchimba mahandaki kwenye malundo ya kando ya barabara, kwa sababu hubomoka na dereva wa gari la theluji hawaoni, na kukanyaga barafu ya mto au ya bwawa lisiloruhusiwa kuteleza.

KISANDUKU: MAKOSA YANAYORUDIWA

1. Kumwaga maji ya moto kwenye ngazi au kioo cha gari. Ngazi zinageuka barafu laini zaidi, na kioo kinaweza kupasuka.
2. Kungoja jua liyeyushe. Linayeyusha juu, usiku unagandisha chini.
3. Kutoka "mara moja tu" kutupa taka ukiwa na ndala.
4. Kusafisha njia ya gari na kusahau ngazi, kana kwamba gari ndilo linaloanguka.
5. Kuamini kwamba mwingine ameshaangalia tundu za mashine.

UKIANGUKA

Usiinuke haraka. Kama umegonga kichwa au huwezi kuukanyagia mguu, tafuta matibabu siku hiyo hiyo. Ukiweza, wewe au uliye naye mpige picha za pale pale, kwa sababu barafu haitakusubiri. Hifadhi viatu ulivyovaa na majina ya mashahidi. Kisha zingatia muda wa kisheria wa kutoa taarifa ya maandishi:

- Kwenye njia ya Jiji: siku 10.
- Kwenye eneo la mtu binafsi, duka au jengo la kupanga: siku 60.

Wengi hukosa haki zao kwa kukaa kimya hadi maumivu yaishe. Kliniki ya msaada wa kisheria ya eneo lako itakushauri bure kama kipato chako ni kidogo.

BANDIKA HII MLANGONI

Kabla ya dhoruba: ☐ beleshi ndani ya nyumba ☐ chumvi na mchanga ☐ simu imejaa chaji ☐ gari limeondolewa barabarani

Wakati wa dhoruba: ☐ ondoa kila ikifika sentimita 8 hadi 10 ☐ pumzika kila dakika 15

Baada ya dhoruba: ☐ ngazi na kingo zake ☐ mlango wa nyuma na besimenti ☐ tundu za mashine ☐ mita ya gesi ☐ bomba la zima moto ☐ jirani

Siku inayofuata joto: ☐ tafuta maji yaliyoganda usiku ☐ nyunyiza kabla watoto hawajatoka

Simu: 911 hatari ya maisha. 311 huduma za Jiji; tafsiri inapatikana kwa lugha zaidi ya 180, kwa hiyo sema tu "Swahili" usubiri. 211 msaada wa kijamii. 811 ushauri wa muuguzi.

Na wewe uliyeshazoea baridi ya hapa: kuna familia imefika mtaani kwako mwaka huu, na haijui koki kuu iko wapi wala kwamba mkaa hauwashwi ndani. Usingoje waulize. Wapitie wiki hii, waonyeshe koki, mjaribu king'ora pamoja, na uwaachie beleshi.